Bahari Haipimwi Mara Moja: Maji ya Kilindi Mbele ya Mkokoni

Mhadhara kwa wavuvi, walimu, wanafunzi na wakaazi wa Mkokoni na Kiwayu



Wazee wangu, mama zangu, manahodha na wavuvi, walimu, na nyinyi wanafunzi mliokaa mbele, nimekuja kuzungumza juu ya maji ambayo hakuna kati yetu aliyeyagusa kwa mkono, ingawa yako mbele ya kijiji hiki usiku na mchana. Ukitoka nje ya Kiwayu, ukauacha mwamba nyuma na kushika njia ya matlai, chini ya bahari huteremka: mita 50, mita 200, mita 1000, na zaidi. Huko hakuna jarife wala mshipi unaofika. Lakini maji ya huko yana joto lake, chumvi yake, hewa yake na mwendo wake, na mambo hayo manne yana mkono katika kila tunachokiona huku juu: samaki wa mwaka huu, uhai wa matumbawe katika Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, hata mvua inayoshuka kwenye mashamba yetu.

Neno langu la leo ni moja. Maji haya yamewahi kupimwa, tena na watu hodari, lakini yamepimwa kwa nadra mno. Bahari nyingine huenda zikavumilia kupimwa mara moja kwa miaka mingi. Ya kwetu haivumilii, kwa sababu inageuka kwa msimu. Tunachohitaji ni mstari mmoja kutoka Kiwayu kwenda kilindini, upimwe kusi na kaskazi, mwaka hadi mwaka, na majibu yake yarudi hapa.

Mahali mikondo inapokutana

Pepo mnazijua kuliko kitabu chochote. Kusi ikikaza, siku nyingi baharini hakuendeki. Kaskazi ikiingia, vyombo hutoka. Katikati huja maleleji, na bahari hutulia. Ninachotaka kuongeza ni kile kinachotendeka chini ya pepo hizo.

Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki hutiririka kwenda kaskazini mwaka mzima. Hupita Tanzania, hupita Mombasa na Malindi, ukaja hadi huku. Wakati wa kusi hauna wa kuuzuia: huvuka ikweta na kuungana na Mkondo wa Somalia, ambao wakati huo ni miongoni mwa mikondo yenye kasi kubwa zaidi duniani. Wakati wa kaskazi mambo hugeuka. Mkondo wa Somalia hubadili njia na kuteremka kusini, ukakutana uso kwa uso na ule unaotoka kwetu. Mikondo mikubwa ya bahari inayogeuka hivi, ikaenda upande huu nusu ya mwaka na upande wa pili nusu nyingine, ni michache mno ulimwenguni.

Makutano hayo hayana mahali pamoja. Mwaka mmoja huwa juu zaidi, mwaka mwingine chini zaidi, lakini bahari ya Lamu na Kiunga iko ndani ya eneo hilo. Mikondo ikishakutana, hugeukia mashariki na kwenda bahari kuu. Maji ya juu yanapoondoka ukingoni, ya chini hupanda kushika nafasi yake, nayo huja na virutubisho vilivyokuwa vimelala gizani. Vikifika kwenye mwanga wa jua, mimea midogo isiyoonekana kwa jicho huota, dagaa huila mimea hiyo na wadudu wake, na jodari na nguru huwafuata dagaa. Hii ni sababu moja ya wavuvi na wataalamu kulitazama sana lile fungu kubwa la chini ya bahari, upande wa Lamu na Ghuba ya Ungwana, ambalo ramani huliita North Kenya Bank.

Kuna pia ugumu unaotokana na mahali tulipo. Mkokoni iko takriban digrii 2 kusini mwa ikweta. Kwingineko, mtaalamu akijua joto na chumvi ya maji katika vituo viwili, hukokotoa uzito wa maji kila upande, na kutokana na tofauti ya uzito hukadiria mkondo unaopita katikati. Hesabu hiyo huegemea mzunguko wa dunia, na athari ya mzunguko huo juu ya maji hufifia kadiri unavyoikaribia ikweta. Hapa kwetu haiaminiki sana. Lazima mkondo wenyewe upimwe, kwa kifaa kinachopeleka sauti majini na kusikiliza mwangwi unaorudishwa na chembe na viumbe vidogo vinavyochukuliwa na maji. Kwa hiyo bahari yetu inadai kazi zaidi kuliko bahari za wengine, na imepata kazi kidogo zaidi.

Kutoka bildi hadi chupa ya Nansen

Manahodha wa pwani hii walipima kina kwa bildi: kipande cha risasi mwisho wa kamba, na kamba ikihesabiwa kwa pima. Bildi ilijibu swali moja, nalo ni chini kuko mbali kiasi gani. Swali la pili, yaani maji yaliyo katikati yana hali gani, lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu chochote unachokipandisha hubadilika njiani. Ukiteremsha kipimajoto cha kawaida mita 500 na kukivuta juu, kitakusomea joto la maji ya juu kiliyoyapita mwisho.

Mwaka 1874 mafundi wa London, Negretti na Zambra, walitoa kipimajoto kinachopinduliwa. Kinaposhushwa huwa wima. Kikifika mahali pake hupinduliwa, uzi wa zebaki ndani yake hukatika, na kile kipande kilichokatika hubaki na joto la kilindini hadi kipande sitahani. Mnorwe Fridtjof Nansen akatengeneza chupa ya chuma iliyobeba vipimajoto vya namna hiyo. Chupa hizo zilifungwa kwenye waya mmoja, moja chini ya nyingine. Baharia aliachilia kipande cha chuma kiteleze juu ya waya. Kiliigonga chupa ya kwanza, ikapinduka na kujifunga, nayo ikaachilia kipande kingine kwenda kuigonga ya pili. Aliyeshika waya kwa mkono aliweza kuhisi kila pigo. Kwa njia hiyo bahari za dunia zilipimwa kwa miongo mingi, chupa kwa chupa.

Kwa njia hiyo pia bahari yetu ilipimwa katika Safari ya Kimataifa ya Bahari ya Hindi, kati ya 1959 na 1965, iliyokusanya meli zaidi ya 40 kutoka nchi nyingi. Katika kusi ya 1964, meli ya Uingereza Discovery na meli ya Marekani Argo zilifanya kazi mbele ya Somalia, na miongoni mwa wataalamu wake walikuwa John Swallow, Bruce Warren na Henry Stommel. Waliona mkondo ukienda karibu maili 7 za baharini kwa saa, na mbali kaskazini, karibu na Ras Hafun, maji ya juu yalikuwa baridi chini ya nyuzi 20, umbali wa takriban digrii 10 tu kutoka ikweta. Maji hayo yalikuwa yamepandishwa kutoka chini na upepo uleule unaowafungia nyinyi vyombo ufuoni.

Safari iliyokuja karibu zaidi na kijiji hiki ilikuwa ya meli ya Uholanzi, Tyro, mwaka 1992. Wataalamu wa Kiholanzi na wa Kenya walipima mistari kutoka pwani kwenda kilindini, na mmojawapo wa mistari hiyo ulikuwa mbele ya Kiwayu. Ubora wa kazi ile, kwangu mimi, uko katika uamuzi mmoja: walikuja mara mbili. Walipima Juni na Julai, kusi ikiwa imekaza, wakarudi Novemba na Desemba, pepo zikibadilika. Meli ileile, vipimo vilevile, mistari ileile, misimu miwili. Hapo ndipo unapoweza kusema kwa haki: hili limeletwa na msimu, na hili ni la mahali.

Kazi ya usiku sitahani

Siku hizi chupa za kugongwa na chuma zimestaafu. Katika miaka ya 1950, Bruce Hamon na Neil Brown huko Australia walitengeneza kifaa cha kusoma joto na chumvi kwa umeme kikiwa bado ndani ya maji. Kizazi cha kifaa hicho ndicho mabaharia wa meli za utafiti wanachokiita CTD, herufi zinazosimama kwa mambo matatu: upitishaji wa umeme, joto na kina. Niruhusuni niwaeleze kinavyofanya kazi, hatua kwa hatua, maana siku moja mmoja wa wanafunzi hawa atakisimamia.

Meli husimama kituoni, ikageuzwa ili upande wa kifaa uwe upande wa upepo. Ukikosea hapo, meli husukumwa juu ya waya wake. Kifaa chenyewe kiko ndani ya fremu ya chuma iliyozungukwa na chupa ndefu za plastiki, 12 au 24, zikiwa wazi juu na chini. Chupa hizi hubeba jina la Mmarekani Shale Niskin, aliyezibuni katika miaka ya 1960. Winchi huinua fremu, mabaharia wawili huizuia kwa kamba isiyumbe, nayo hutumbukizwa. Haiteremki mara moja. Huachwa dakika chache karibu na mita 10, ili pampu ianze kuvuta maji na vihisi vizoee. Kisha hurudishwa karibu na uso wa maji, na hapo ndipo safari huanza, kwa mwendo wa takriban mita 1 kwa sekunde.

Ndani ya chumba cha kompyuta, mistari huanza kujichora. Kifaa husoma mara 24 kwa sekunde. Joto husomwa kwa usahihi wa sehemu moja ya elfu ya nyuzi. Chumvi haionjwi: maji yenye chumvi nyingi hupitisha umeme vizuri zaidi, hivyo ukijua umeme, joto na shinikizo, unaijua chumvi. Kina pia hakipimwi kwa urefu wa waya, kwa kuwa waya hupinda na mkondo. Hupimwa kwa shinikizo, ambalo kila mita 10 huongezeka kwa kiasi cha uzito wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwenye mita 2000, kila sehemu ya kifaa inabanwa na mizigo 200 ya namna hiyo.

Mstari wa joto huteremka wima kwanza. Hili ni tabaka la juu, ambalo upepo umelichanganya. Ghafla hukata kona, na katika makumi machache ya mita nyuzi kadhaa hupotea. Kona hiyo ni jambo la kwanza linalotazamwa na kila aliyeko chumbani. Wakati wa kusi iko chini, kwa kuwa upepo mkali hulifanya tabaka la juu kuwa nene. Wakati wa kaskazi hupanda. Jodari wanaijua kona hiyo bila kompyuta. Hupenda kuwinda karibu nayo, na mvuvi anayeshusha ndoana asijue iko wapi huenda akavua juu ya samaki au chini yao.

Kifaa kikiwa kinapanda, husimamishwa kwenye kila kina kilichochaguliwa, mtu hubonyeza, na chupa moja hujifunga kule chini. Kazi kubwa huanza kikishafika sitahani. Maji ya kwanza kutolewa ni ya oksijeni, kabla hewa ya nje haijayaharibu. Mtu huingiza mrija laini hadi chini kabisa ya kichupa cha kioo, huyaacha maji yajae na kufurika mpaka yale ya mwanzo yote yametoka, huku akichungulia kwenye mwanga asiache hata kipovu kimoja. Kisha hutiwa dawa mbili, moja ya manganizi na moja ya aidini, na kizibo hufungwa. Hapohapo wingu huzuka ndani ya kichupa. Maji yenye oksijeni nyingi hutoa wingu la hudhurungi iliyokoza. Yenye oksijeni kidogo hutoa wingu lililopauka. Njia hii ilitolewa na Lajos Winkler mwaka 1888, na mpaka leo ndiyo inayotumiwa kuvihukumu vihisi vya umeme. Ukivipanga vichupa vile kwa kina, unaiona oksijeni ya bahari ikipungua kwa rangi, kabla hujapata tarakimu hata moja.

Baada ya hapo huja maji ya virutubisho, na ya chumvi, ambayo chupa yake husuuzwa mara tatu kwa maji yaleyale kabla ya kujazwa. Haya yote hufanyika alasiri au saa 9 za usiku, meli ikilala huku na huku, kwa kuwa vituo havingoji mchana.

Kilindi kinavyotuambia

Sasa kipimo hiki kinatuambia nini kuhusu maji ya mbele yetu?

Kwanza, kwamba hayatoki hapa. Wengi wenu mmeona ndara zinazotupwa na bahari kwenye fukwe za Kiwayu, nyingine zikiwa zimetoka nchi za mbali za Asia. Akina mama wa Kiwayu walianza kuziokota na kuzichonga kuwa vinyago vya kuchezea tangu miaka ya 1990. Maji ya chini nayo yana safari zake, ila huyajui kwa macho. Unayajua kwa chumvi. Maji ya Bahari ya Shamu, yaliyokolea chumvi kwa jua kali, hutoka kupitia Bab el Mandeb, huzama kwa uzito wake, na hutambaa kusini kandokando ya Afrika hadi Mlango wa Msumbiji na kuendelea. Kutoka upande wa pili huja maji yenye chumvi kidogo yaliyozama karibu na Antaktika. Katika kina cha mamia ya mita hadi mita 1000 na kitu, maji hayo mawili huingiliana upande huu wa Bahari ya Hindi. Mtaalamu akiangalia mstari wa chumvi na kuona uvimbe mdogo au kibonyeo kidogo, anajua ni nani amepita.

Pili, kwamba oksijeni yetu ina nafuu ambayo hatupaswi kuichukulia kuwa ya milele. Bahari ya Uarabuni, kaskazini mwetu, ina mojawapo ya maeneo makubwa zaidi duniani yenye upungufu wa oksijeni, kuanzia takriban mita 200 hadi mita 1000. Sisi huletewa maji yenye hewa kutoka kusini. Mikondo ikibadilika, au maji yakizidi joto, maana maji ya moto hushika hewa kidogo, nafuu hiyo inaweza kupungua. Jodari ni samaki mwenye haja kubwa ya oksijeni. Tabaka lenye hewa likiwa jembamba, hubanwa juu, na meli kubwa za nyavu za kuzungusha humpata kwa urahisi zaidi.

Tatu, kwamba uhai wa ufukweni huanzia mbali. Kamba mawe mnayemzamia katika miamba hii alianza maisha kama kiumbe bapa, kinachopitisha mwanga kama kioo, kikielea bahari kuu kwa miezi kadhaa. Kama atarudi mwambani au atapotelea mashariki, mkondo huamua, na mkondo wa juu na wa chini yake si lazima uende njia moja. Ukiona mwaka wa kamba wengi na mwaka wa kamba wachache, sehemu ya sababu iko katika maji yaliyokuwa yakitembea kabla, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akipima.

Watu wa Tyro walikuta pia viumbe vidogo viitwavyo Trichodesmium, ambavyo huweza kutumia naitrojeni ya hewani moja kwa moja, na kwa hiyo huota hata mahali maji yamepungukiwa na virutubisho. Vikiwa vingi siku za shwari, bahari hutandwa na vumbi la manjano au hudhurungi kama unga wa mbao. Kipimo kikikutana na jambo ambalo mvuvi analiona mwenyewe, elimu mbili huthibitishana, na ndivyo ninavyotamani kazi hii iendeshwe.

Pengo

Mtaniuliza: setilaiti hazioni yote haya? Setilaiti huona ngozi ya bahari. Husoma joto la juu na rangi ya maji, na kazi yake ni kubwa. Katika mradi wa SOLSTICE, kati ya 2017 na 2021, watafiti wa Uingereza wakishirikiana na wenzao wa ukanda huu walitumia setilaiti na hesabu za kompyuta kulichunguza fungu la North Kenya Bank, wakaonyesha namna maji yanavyopanda ukingoni na namna mikondo mikubwa inavyoamua nguvu ya kupanda huko. Lakini hesabu za kompyuta lazima zisahihishwe na maji halisi, na chini ya ngozi ya bahari setilaiti haifiki.

Kuna pia vyombo viitwavyo Argo (si ile meli ya 1964), takriban 4000 duniani, vilivyoanza kuachiliwa baharini karibu na mwaka 2000. Huelea peke yavyo kwenye mita 1000, na kila siku 10 huteremka hadi mita 2000, hupanda vikipima, na hutuma tarakimu kwa setilaiti. Ni neema kubwa kwa elimu ya bahari. Hata hivyo vimetengenezwa kwa bahari kuu. Ukingo wetu, ambako maji hupanda na samaki hukusanyika, una kina kidogo mno kwavyo. Na hata vyombo hivyo husahihishwa kwa kulinganishwa na vipimo vya CTD kutoka melini.

Na meli nazo zilitukimbia. Miaka ya uharamia, hasa 2008 hadi 2012, meli za utafiti ziliacha maji ya Somalia na majirani zake. Vipimo vikakatika katika eneo kubwa la magharibi mwa Bahari ya Hindi. Pengo hilo halizibiki: joto la kilindi cha Agosti 2010 haliwezi kupimwa leo.

Hasara yake si ya wataalamu peke yao. Kati ya 1901 na 2012, upande huu wa magharibi wa Bahari ya Hindi uliongezeka joto la juu kwa takriban nyuzi 1.2 katika miezi ya Juni hadi Septemba. Mwaka 1998 joto liliua matumbawe mengi sana ya Afrika Mashariki, na ya hifadhi ya Kiunga hayakusalimika. Mwishoni mwa 1997, na tena mwishoni mwa 2019, joto la Bahari ya Hindi liliegemea upande wetu, na mvua kubwa zikaleta mafuriko Kenya, Somalia na Tanzania. Miegemeo hiyo huandaliwa ndani ya maji, katika akiba ya joto iliyo chini ya uso, kabla mawingu hayajakusanyika. Anayeipima akiba hiyo mapema humwonya mkulima na mvuvi mapema.

Tunalopaswa kulidai

Kenya si nchi isiyo na chochote. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, ipo tangu 1979. Inayo meli, Mtafiti, yenye urefu wa mita 56, tuliyopewa na Ubelgiji, ambako ilijulikana kwa jina la Zeeleeuw. Ina wataalamu waliosomea kazi hii na kituo cha kitaifa cha kutunza takwimu za bahari. Kinachokosekana ni ada ya kurudi: safari nyingi hupangwa kwa mradi, na mradi ukiisha, mstari hufa.

Kwa hiyo nasema hivi. Mstari wa Kiwayu ufufuliwe. Vituo vichache vinatosha, kuanzia maji ya mita 50 hadi kilindi cha mita 2000, mahali palepale kila mara. Upimwe mara nne kwa mwaka: kusi, kaskazi na maleleji mbili. Mstari mfupi unaorudiwa kwa miaka 20 una faida kuliko safari moja kubwa inayopita vituo mia na isirudi.

Pili, wavuvi wawe sehemu ya upimaji. Huko kaskazini mashariki mwa Marekani, wavuvi wa kamba wamekuwa wakifunga vipimajoto vidogo kwenye mitego yao kwa zaidi ya miaka 20, na vipimo vyao hutumiwa na wataalamu wa bahari. Hapa mnazamia kamba, lakini jarife lipo, mshipi upo, na kifaa chenyewe ni kidogo kiasi cha kushikika kiganjani. BMU ya hapa, yaani kamati ya wavuvi ya kusimamia ufuo, inaweza kukitunza na kuyaandika yaliyopimwa. Meli ije mara nne. Wavuvi watujulishe siku za katikati.

Tatu, majibu yarudi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1989, unasema kuwa meli ya kigeni haifanyi utafiti katika ukanda wetu wa kiuchumi bila ridhaa yetu. Unatupa pia haki ya kuweka watu wetu melini, kupewa takwimu, na kusaidiwa kuzifasiri. Haki hiyo ni ya taifa, na taifa ni pamoja na Mkokoni. Takwimu zikifika Mombasa tu, au zikabaki Ulaya, nusu ya kazi haijafanyika. Zitafsiriwe kwa Kiswahili, zichorwe kwa namna ambayo mtoto wa darasa la saba anaisoma, zibandikwe shuleni na kwenye banda la samaki.

Nanyi walimu, chukueni mstari mmoja wa joto uwe somo la hesabu. Nanyi wanafunzi, fizikia na kemia mnazosoma ndizo zinazofanya kazi sitahani saa 9 za usiku. Meli zetu zinahitaji watu waliokulia kwenye pepo hizi, wanaojua kwa miili yao kuwa Julai na Januari si bahari moja.

Meli ya utafiti itakapoonekana tena nje ya Kiwayu, iwe ya kwetu au ya wageni, wazee wa kijiji na viongozi wa BMU waombe kuonana na wakuu wake, na wawaulize maswali manne. Mmepima vituo gani? Vilevile vilivyopimwa zamani, au vipya? Mtarudi msimu gani? Na majibu tutayapata lini, kwa lugha yetu? Msikubali kuondoka bila jibu la swali la tatu na la nne, kwa kuwa hayo ndiyo yanayotofautisha meli iliyopita na meli inayofanya kazi ya bahari hii.